Kabla Hujanunua Kadi ya Kusafiria London

Ukitaka kumtambua mgeni aliyetua London leo asubuhi, usihangaike na begi lake wala koti la kuazima. Hesabu kadi alizoshika. Ana kadi ya Oyster aliyoinunua kwenye mashine pale uwanja wa ndege wa Heathrow, ana tiketi ya karatasi ya siku nzima aliyoshauriwa na abiria mwenzake ndani ya ndege, na ana pasi ya kitalii aliyoiagiza kwa intaneti kabla hata ya kupata viza. Ndani ya pochi imelala kadi yake ya benki, ambayo ingemfanyia karibu kazi yote hiyo.

Mwongozo huu ni wake, na unaanza na amri moja: usinunue chochote kabla hujafika mwisho wa ukurasa.

Toa kadi yako ya benki uigeuze. Ikiwa ina alama ya vimstari vinne vilivyopinda, ya kulipia kwa kugusisha, basi pasi unayo tayari. Mabasi ya London yalianza kupokea kadi hizo Desemba 2012, treni za chini ya ardhi zikafuata Septemba 2014. Kwenye treni unagusisha ukiingia na kugusisha ukitoka, kompyuta inapiga hesabu. Utamu wenyewe uko kwenye kikomo: ukishalipa kiasi fulani kwa siku, kulingana na zoni (maeneo ya nauli) ulizopita, safari zinazobaki ndani ya zoni hizo ni bure hadi saa kumi na nusu alfajiri ya kesho yake. Katika Zoni 1 na 2, ambamo mgeni hushinda akizunguka, safari tatu za treni zinakufikisha kwenye kikomo au karibu nacho. Tiketi ya karatasi ya siku, ile inayoitwa Travelcard, inauzwa kwa bei inayozidi kikomo hicho. Kwa hiyo mtu anayezurura Zoni 1 na 2 kutwa kwa kadi ya benki atalipa kidogo kuliko yule aliyelipia tiketi kabla hajapanda hata basi moja. Sioni kwa nini mtu mzima mwenye kadi ya benki ainunue tiketi hiyo kwa matembezi ya mjini kati.

Liko jambo la kuuliza nyumbani kabla ya safari. Benki yako inaweza kutoza ada kila inapobadilisha fedha, na zipo benki ambazo kadi zao hazifanyi kazi nje ya nchi mpaka uombe zifunguliwe. Nenda tawini uulize. Shirika la usafiri la London, TfL, hujumlisha safari zako za siku na kukata mara moja, kwa hiyo ada ya muamala, kama ipo, huja mara moja kwa siku. Bado, kwa baadhi ya benki zetu ada hizo zinauma, na hapo Oyster inaanza kuwa na maana.

Lakini kwanza tukubaliane juu ya neno moja ambalo wageni hulidharau: ileile. Kadi uliyoingia nayo ndiyo utakayotoka nayo. Kasimame kidogo karibu na mageti ya kituo cha King's Cross utazame. Mama amekumbatia mkoba, anabandika pochi nzima kwenye duara la njano. Ndani mna kadi tatu. Taa nyekundu inawaka, geti linagoma, watu nyuma yake wanahamia geti la pili bila kusema neno. Anaigeuza pochi upande wa pili, geti linafunguka, anapita akitabasamu. Akifika aendako anabandika pochi ileile, ila safari hii mashine inaisoma kadi nyingine. Kwa kompyuta hao ni watu wawili: mmoja aliingia na hajatoka, mwingine ametoka bila kuingia. Wote wawili wanatozwa nauli ya juu kabisa, na wote wawili ni yeye. Itoe kadi moja kwenye pochi, uiweke mfuko wake peke yake, na ikae humo mpaka siku ya kuondoka.

Simu nayo ni mtu wa pili. Hata kama umeingiza humo kadi ileile ya benki, kompyuta huiona kuwa kadi tofauti, na hivyo vikomo vyako vinagawanyika. Chagua simu au plastiki. Na mume na mke hawapiti kwa kadi moja. Mapenzi yana mipaka, na mmoja wa mipaka hiyo uko getini.

Sasa Oyster, kadi ya buluu iliyoanza kutumika 2003. Kuipata unalipa ada ambayo hairudishwi, halafu unaijaza hela. Nauli zake kwa mtu mzima ndani ya London ni zilezile za kadi ya benki kwa sehemu kubwa, kwa hiyo usiinunue kwa sababu jirani anayo. Inunue ikiwa huna kadi ya kugusisha, ikiwa ada za benki yako ni za kukomoa, au ikiwa umekuja na watoto. Mwenye umri chini ya miaka 11 hupanda bure mabasi, na pia treni za TfL akiwa na mtu mzima, kwa hiyo msimnunulie kitu. Wa miaka 11 hadi 15 ndiye mwenye siri: mpeleke kwa mfanyakazi wa kituo akiwa na Oyster yake, uombe punguzo la kijana mgeni. Litawekwa kwenye kadi, na kwa siku hadi 14 atalipa nusu ya nauli ya mtu mzima. Mashine haikuambii habari hiyo kwa hiari. Inabidi useme wewe, tena kwa sauti, na nakusihi useme, maana familia yenye vijana wawili inaokoa hela ya kutosha kula vizuri zaidi ya mara moja.

Wiki ndiyo yenye mtego. Mbali na kikomo cha siku kuna kikomo cha wiki, ambacho katika Zoni 1 na 2 ni sawa na takriban vikomo vitano vya siku. Mgeni anasikia hivyo, anafurahi: siku saba kwa bei ya tano. Lakini kwa kompyuta wiki huanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Ukitua Alhamisi na kuondoka Jumatano inayofuata, siku zako saba zinakatwa vipande viwili, nne huku na tatu kule, na hakuna kipande kinachofikia kikomo. Unalipa zote saba. Ikiwa kweli utapanda treni kila siku kwa wingi, hapo ndipo Travelcard ya siku saba inapostahili sifa: inapakiwa kwenye Oyster, inaanza siku yoyote unayotaka, na hata ukiinunua ya Zoni 1 na 2 tu inakubalika kwenye mabasi yote ya London. Aliyetua Jumatatu haihitaji. Kwa hiyo kabla ya kufungua pochi, fungua kalenda.

Ila mimi ningekupandisha basi. Basi la London halijali zoni. Nauli ni paundi 1.75 tangu 2023, na ndani ya saa moja tangu ulipogusisha mara ya kwanza unaweza kubadili mabasi mengi upendavyo bila kulipa tena. Kikomo chake cha siku ni paundi 5.25, yaani nauli tatu, na ya nne inakuwa ya bure. Noti usiitoe: madereva waliacha kupokea fedha taslimu Julai 2014, na konda wa kukudai chenji hayupo. Unagusisha ukipanda tu, ukishuka, shuka. Panda namba 24 kutoka Pimlico, upande ghorofani, ukae kiti cha mbele kabisa. Utapita Bunge, Trafalgar Square na Camden Town hadi ukingoni mwa Hampstead Heath, matawi ya miti yakikwaruza kioo mbele ya uso wako. Yapo mabasi ya kitalii yanayopita baadhi ya barabara hizo kwa bei ya mara kumi ya nauli hiyo na zaidi. Tofauti kubwa ni visikizi vya masikioni.

Treni iache kwa safari ndefu au siku ya haraka. Ukiipanda, kwepa saa za msongamano: Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, na saa kumi jioni hadi saa moja usiku. Kutoka Leicester Square hadi Covent Garden usiipande saa yoyote. Ni mita 260 hivi, nauli ni kamili, na kwa miguu utafika kabla ya anayesubiri lifti.

Kutoka Heathrow njia za treni ni tatu, na bango kubwa kuliko yote ni la treni ya bei kubwa kuliko zote. Heathrow Express inafika Paddington kwa dakika 15 na haihesabiwi kwenye kikomo chako. Elizabeth Line, iliyofunguliwa Mei 2022, inachukua nusu saa na ushee hadi mjini kati. Piccadilly Line ni kama saa nzima na ndiyo rahisi zaidi. Mwenye mabegi mazito apande Elizabeth, na asijilaumu.

Kwenye reli ya DLR vituo vingi havina mageti, kwa hiyo nguzo ya kugusisha utaitafuta mwenyewe. Usipogusisha ukitoka, unatozwa nauli ya juu. Usipogusisha ukiingia na mkaguzi akakukuta, faini ni paundi 100, inayopungua hadi 50 ukilipa ndani ya siku 21.

Na kama ndugu zako wako Reading, zingatia hili. Elizabeth Line inafika huko, lakini Oyster inaishia West Drayton. Ukivuka hapo, tumia kadi ya benki au tiketi. Uwanja wa ndege wa Luton ni vivyo hivyo: kadi ya benki inapokelewa, Oyster hapana. Gatwick zinapokelewa zote mbili.

Ikiwa mwishoni umebaki na Oyster yenye hela, hela hizo haziozi. Kadi ya kujaza tu, isiyo na Travelcard wala punguzo la mtoto, mtu mwingine anaweza kuitumia, ilimradi msiigombanie siku moja. Mwachie mwenyeji wako. Binamu anayekuja Agosti ataikuta mezani, na ada ya kadi hatailipa.