Kimbunga Hakifiki Ngoingwa, Zibueni Mtaro

Hapa Ngoingwa, mtaa wa Thika, shahada ya utabiri wa hali ya hewa inauzwa kwa bei ya bando. Ukishapakua programu ya Windy na kuona Bahari ya Hindi imepakwa rangi ya zambarau, tayari umehitimu. Kuanzia siku hiyo una ruhusa ya kuwatumia majirani ujumbe wa sauti usiku wa manane, huku unahema.

Wataalamu wenyewe nawajua vizuri. Yuko broka wa ploti, yuko mwalimu mstaafu, na yuko kijana wa bodaboda ambaye ukimwuliza nauli ya Thika mjini anaanza kwa kukueleza upepo unavuma kutoka wapi. Mwaka mzima hawana habari na mbingu. Lakini masika yakikaribia, kikundi chetu cha WhatsApp, kilichoundwa kwa ajili ya kuchangia mshahara wa askari wa usiku, kinageuka kituo cha dhoruba.

"Kuna kitu kinajizungusha juu ya Madagaska," anaandika broka.

"Kikikata kushoto, kwisha sisi," anajibu Mwalimu.

Wa tatu anatuma mikono ya maombi. Wa nne anauliza kama kimbunga kitafika kabla ya Ijumaa, kwa sababu ana ruracio, sherehe ya mahari, Jumamosi.

Kwa wanaolipwa kwa kazi hii, mambo huenda polepole. Kituo cha wataalamu kilichoko kisiwa cha Réunion hufuatilia dhoruba za upande wetu wa bahari, na mfumo haupewi jina mpaka upepo wake ufike kilomita 63 kwa saa. Kuitwa kimbunga kamili ni mpaka ufike 119 hivi. Huku kwetu mfumo unapewa jina, njia na idadi ya mabati utakayong'oa kabla haujapata hata wingu la kujifunika.

Nilijaribu kumweleza Mwalimu. Nikamwambia kimbunga kinaishi kwa maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 na zaidi, na kinategemea kuzunguka kwa dunia ili nacho kizunguke. Karibu na ikweta nguvu hiyo ni hafifu mno, ndiyo maana ni nadra sana kimbunga kuumbika ndani ya nyuzi tano za mstari huo. Sisi tuko nyuzi moja tu kusini mwake, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na ufuo ulio karibu uko kama kilomita 400 kutoka hapa. Kimbunga kikipanda nchi kavu kinakatiwa chakula. Hakiwezi kupita Mwingi na Matuu kikiwa na njaa, kije kutafuta mabati yako.

Mwalimu alinitazama kama mwanafunzi aliyesahau kuvaa soksi. "Na Hidaya, kijana?"

Hidaya ndiyo hoja yao ya mwisho, na ukiigusa wanasimama wote. Ni kweli ule mwezi wa Mei 2024 haukuwa wa mzaha. Nchi ilikuwa imelowa hadi mifupani. Aprili 29 maji yalikuwa yamefagia watu na nyumba kule Mai Mahiu. Mei 3 Rais Ruto akaahirisha kufunguliwa kwa shule, na katika hotuba hiyo hiyo akakitaja kimbunga Hidaya. Kesho yake kikatua kisiwani Mafia, Tanzania, kikaishiwa nguvu, baada ya kuwaachia watu wa kusini mwa nchi hiyo mafuriko na barabara iliyokatika. Kutoka Mafia hadi kwangu, kwa njia ya ndege, ni kama kilomita 800. Hapa Ngoingwa hakikuangusha hata kamba ya nguo, ila mishumaa ilipanda bei.

Wapwani wana haki ya kuikodolea macho bahari. Aprili 1872 kimbunga kilivunja merikebu za Sultani Barghash bandarini Unguja na kung'oa mikarafuu mashamba kwa mashamba. Mwaka 1952 kingine kikapiga Lindi. Sisi huku tunatazama bahari ya watu.

Na kama ni lazima tuitazame, basi tuulize swali la maana: mfumo uko upande gani wa Madagaska? Machi 2019, kimbunga Idai kilipokuwa magharibi yake kikiitesa Msumbiji, kilivuta unyevu kuelekea kwake na masika yakachelewa Kenya. Mwaka mmoja kabla ya hapo, vimbunga Dumazile na Eliakim vilikuwa upande wa mashariki wa kisiwa kile, na huku tukanyeshewa kupita kiasi. Kwa hiyo ile rangi ya zambarau inaweza kumaanisha matope, na inaweza kumaanisha mahindi yaliyokauka. Broka haijui tofauti hiyo. Yeye akiona duara anapiga kelele.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Masika ya 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na kwa wengi wao hapakuhitajika kimbunga chochote. Ilikuwa ni mvua ya kawaida ya kwetu, iliyozidi, ikakuta mito imejengewa kingoni na mitaro imezibwa. Sasa nenda ukatazame mtaro wa barabara yetu. Kuna kokoto za mjengo wa broka, lori zima, zimelala humo tangu msimu uliopita. Kuna ukuta wa Mwalimu, uliosogea mbele polepole hadi ukapanda juu ya kalvati. Kuna nepi, chupa, na mfuko wa simenti ulioganda. Mvua ya saa moja inatosha kuleta maji hadi mlangoni kwa mama mboga, naye hana hata simu ya kumwonyesha rangi ya zambarau.

Ukitaja mtaro katika kikundi, kimya. Wataalamu walioona wingu Madagaska hawaoni kokoto zilizo mbele ya geti.

Basi sikieni, majirani. Anayetaka habari za dhoruba asome taarifa za Idara ya Hali ya Hewa; hutolewa bure, na hazihemi. Jumamosi hii saa mbili asubuhi tunazibua mtaro, kuanzia kwenye kalvati hadi chini. Njoo na sepetu au jembe, na gambuti kama unazo. Broka aje na lori. Mwalimu aje na nyundo.