Atakua Tu

Mzazi wa Kiholanzi hamnunulii mwanawe baiskeli ya leo. Humnunulia ya miaka miwili ijayo. Mtoto anapandishwa, vidole vya miguu vinaitafuta sakafu, muuzaji anashusha kiti hadi kinagoma, na mama anatoa hukumu: “Atakua tu.” Basi na akue, si Waholanzi ni miongoni mwa watu warefu kuliko wote duniani?

Kinachonunuliwa ni chuma hasa. Mnyororo umefungiwa ndani ya kasha suruali isirambe grisi, kuna madigadi, keria, na breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Gia? Za nini, katika nchi bapa kama chapati? (Upepo wa baharini ndio mlima wao, nao hauna kilele.) Ukiulizia uzito, unajibiwa kwamba inadumu.

Na Amsterdam baiskeli mpya huwa na wenyewe wawili: aliyeilipia na aliyeiona. Kwa hiyo mzazi mjanja huchukua kuukuu, nyeusi, iliyochubuka, kisha pesa iliyobaki akainunulia kufuli lenye thamani kuishinda baiskeli yenyewe.

Mtoto, yeye, alitaka ya waridi yenye kengele ya kasuku. Kengele amepewa.