Profesa na Ukuta wa Gavana

Wewe mwenye mtoto wa sekondari utanielewa. Umeme ukikatika jioni hapa Kadutu, Bukavu, wengine hulala mapema. Kwetu, binti yetu Profesa hutafuta pa kuchora, na safari hii aliuona ukuta wa sebule ambao mke wangu, Gavana, alikuwa ameupaka rangi nyeupe kwa ajili ya wageni wa Noeli.

Swali la shule: tafuta milinganyo ya mstari wima na mstari mlalo inayopita kwenye nukta (3, −2). Msumari wa kalenda ukawa sifuri. Profesa akashika kaa, akapima shibiri tatu kulia na mbili kwenda chini, akatia alama juu kidogo ya kilemba cha Tate Rais, mama yangu mzazi, ambaye kitini pale hahamishwi na mtu.

Shemeji Timazi, fundi mwashi, kusikia neno wima tu akaleta kamba yake. Bukavu ni mji wa miteremko, husema, macho hayaaminiki. Cha kuaminika ni timazi kwa wima, na kwa mlalo ziwa Kivu lililotulia kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari.

Kamba ikaning'inia mbele ya pua ya Tate.

“Popote kwenye kamba hii, darini au sakafuni, uko shibiri tatu kulia,” akasema Profesa. “Basi x = 3.”

“Na y?” akauliza Kasuku, mdogo wake, mbishi tangu kuzaliwa.

“Y inapanda na kushuka itakavyo, ndiyo maana haiandikwi.”

Mstari mlalo nao kila mahali uko shibiri mbili chini: y = −2. Hapa ndipo watoto wengi hupotea. Wanaona mhimili wa x umelala, basi mstari uliolala nao wanauandikia x. Mwambie mtoto atafute kisichobadilika. Hicho ndicho mlinganyo. Na mteremko asiutafute kwenye mstari wima, maana atajikuta anagawanya kwa sifuri.

Gavana akaingia na samaki wake wa sambaza kutoka sokoni. Akautazama ukuta, akanitazama mimi, kana kwamba kaa lilitoka mfukoni mwangu.

“Mama, usifute,” Tate akamwambia. “Mtoto anasoma.”

Hukumu ya Tate haina rufaa. Wageni wa Noeli watakaa chini ya x = 3. Ndugu yangu, kabla hujanunua rangi, nunua ubao na chaki.