Huyo ni wa Mtu

Mimi ni mtoto wa Ifakara. Nalisema mapema ili nikikuambia naogopa mto, ujue uoga huo sikuusoma kitabuni. Mto Kilombero kwetu uliheshimiwa. Kuna aliyechukuliwa na mamba akiteka maji, kuna aliyepinduliwa mtumbwi na kiboko, na enzi za pantoni, kabla ya daraja, bibi yangu alishika rozari tangu tunapoondoka gatini hadi tunapokanyaga ng'ambo. Kwa hiyo Juni hii shemeji aliposema twende tukapumzike mtoni, tena ndani ya mtumbwi, tena kwa hiari yetu, nilijua Kifini changu kimeniangusha kama kawaida.

Hakikuniangusha. Shemeji, kaka wa mke wangu, ni mtu mwema asiye na maneno, na mtu asiye na maneno ukimkatalia unaonekana wewe ndiye mgomvi. Tukapakia gari Helsinki, huku Finland nilikohamia kwa mke wangu, tukaendesha karibu kilomita 800 kwenda Kuusamo, kaskazini huko jirani na Urusi, iliko Hifadhi ya Taifa ya Oulanka. Njiani ni misonobari, ziwa, misonobari, ziwa. Nikasinzia saa mbili nzima. Kuamka: misonobari.

Tulipokaribia kufika ndipo nikamwona mnyama. Kasimama katikati ya lami, pembe kama matawi ya mpera uliokauka, anatutazama kama trafiki anayejua bima yako imekwisha. Nikachomoa simu, nikashusha kioo, nikapiga picha kumi na tano huku moyo unadunda. Mnyamapori huyo! Shemeji akazima injini, akasubiri nimalize, kisha akasema, "Huyo ni wa mtu."

Kumbe kulungu hawa wa kaskazini, wenyewe wanawaita poro, ni mifugo. Wanazurura porini wanavyotaka, lakini masikio yao yamekatwa alama, kila mfugaji na mkato wake, na ndama huwekewa alama kiangazi hikihiki. Yaani nimesafiri kilomita 800 kwenda kumpiga picha ng'ombe. Bondeni kwetu Wasukuma wanapita na makundi yao kila siku na hakuna aliyewahi kuwatolea simu.

Na hapa kuna siri naomba ibaki baina yetu. Kazini wenzangu wanaamini mimi na simba tumekulia ua mmoja, nami sijawahi kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba simba sijamwona hata mmoja. Basi la kutoka Ifakara kwenda Dar linakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, nimepita humo mara zisizo na idadi, na kila mara nimelala mdomo wazi hadi Morogoro. Aliyewaona simba ni shemeji. Alipokuja kwenye harusi yetu alichomoka siku nne kwenda Serengeti, akarudi na picha elfu tatu, akaniketisha mimi mwenye nchi akanionyesha chui. Nikawa naitikia, "Ee, ndiyo huyo," kama namfahamu mpaka baba yake.

Basi, mto. Kwanza alinipeleka Kiutaköngäs, ambako maji yanashuka mita 14 ndani ya mita 325 tu, yamebanwa na kuta za mwamba mwekundu, yananguruma mpaka unasikia kwenye meno. Pazuri, sikatai. Nikamwuliza kwa sauti ya kiume kama mtumbwi wetu unapita hapo. Akaniangalia kwa huruma. Mtumbwi huingizwa majini chini ya maporomoko, na kuanzia hapo mto hupoa, ukazunguka polepole kwenye kuta za mchanga kwa kilomita 25 hivi mpaka mahali paitwapo Jäkälämutka.

"Mamba?" nikauliza, mguu mmoja bado nchi kavu.

"Hakuna."

"Viboko?"

"Hakuna."

"Sasa kuna nini?"

Akafikiri muda mrefu. "Samaki."

Samaki wenyewe ni trauti, na kumbe nao si wa hapo. Mto huu unatiririka kuingia Urusi, na trauti wakubwa hupanda kutoka upande wa pili wa mpaka kuja kutaga Finland. Wanavuka bila viza. Mimi kuja kukaa na mke wangu wa ndoa nilihojiwa mara tatu, mara ya mwisho nikaulizwa rangi ya pazia la chumbani.

Shemeji alisahau kutaja kitu kimoja: mbu.

Sikilizeni. Natoka Ifakara, mji ambao wataalamu wa dunia nzima hufunga safari kuja kumchunguza mbu. Mbu namjua. Mbu wa kwetu ana adabu ya mwizi: anangoja giza, anaingia kimya, anachukua chake, anaondoka. Hawa wa Oulanka wanakuja mchana kweupe, kwa kundi, kama wanadai. Malaria hawana, shemeji alinihakikishia, na nikiri kwamba habari hiyo haikupunguza muwasho hata kidogo. Alinipa kofia yenye chandarua. Nikaivaa, nikaona ulimwengu wote uko nyuma ya wavu kama nyama ya buchani, na ndani ya wavu tukajikuta wawili: mimi na mbu mmoja aliyewahi nafasi.

Nikajipa moyo kwamba usiku ukiingia watakwenda kulala. Usiku gani? Oulanka iko karibu kabisa na Mzingo wa Aktiki, na siku zile za Juni jua halizami. Saa sita usiku linakaa juu ya misonobari kama mgeni asiyejua kuaga. Hata saa zetu za Kiswahili zilinigomea, maana tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, na hili halikuwa na mpango wa kutua ili lichomoze tena. Mbu walifanya kazi zamu zote tatu.

Tukapiga kafi. Kwetu mtu akipiga kafi huimba, au angalau husengenya. Shemeji alipiga kafi saa nzima bila neno. Nilipojaribu kumweleza habari za binamu yangu na kile kiwanja cha Kibaoni, aliinua kidole: nyamaza, wanyama wanasikia. Wanyama gani, jamani? Tulipita mabanda ya kale ya nyasi kwenye mbuga za ukingoni, ambako zamani wakulima walikata malisho ya ng'ombe wao. Hata humo, mifugo!

Alinisimamisha mara mbili. Mara ya kwanza akalala kifudifudi msituni, akaniita nilale pia. Lilikuwa ua la okidi, la waridi, dogo kama kucha ya kidole gumba, wanaliita neidonkenkä, kiatu cha mwanamwali, nalo ndilo nembo ya hifadhi. Lina mdomo kama ndala iliyotupwa, ukiinama unaona madoa mekundu ndani. Nililitazama vizuri kwa sababu mbu walikuwa wamehamia mgongoni.

Mara ya pili kilikuwa kichuguu cha sisimizi, kimerundikwa kwa majani ya misonobari, kimechimbuliwa ubavuni. Shemeji akapiga magoti. Macho yakamlegea. "Dubu," akanong'ona. Kumbe dubu hubomoa vichuguu kula sisimizi. Njia maarufu ya miguu ya pale inaitwa Duara la Dubu, ina kilomita 82, na watu huitembea yote wakarudi na picha ya kibao. Sisi tuliona mahali dubu alipokula. Kwetu mtu akikupeleka kuona sahani chafu ya mgeni aliyekwisha ondoka, mnagombana.

Aliyekuja kwa hiari yake ni ndege mmoja, kuukkeli, wa kijivu na mkia wa rangi ya kutu. Tulikoka moto, birika limejaa masizi, soseji kwenye kijiti. Akatua mkono mmoja kutoka kwangu, akainamisha kichwa, akatazama soseji, akanitazama mimi. Shemeji akasema ni ndege wa bahati. Mimi nimeishi Dar, ndege anayetazama chakula chako hivyo namjua kwa jina. Kipande kikaenda.

Lakini kuna kitu sikumwambia shemeji. Kwenye ukuta wa mchanga, mahali mto unapokata kona, kulikuwa na matundu mengi na mbayuwayu wakiingia na kutoka. Akaacha kafi, akasema sentensi ndefu kuliko zote za safari: hawa baridi ikianza huondoka kwenda Afrika, wengine hadi Afrika Mashariki. Nikajikuta nimenyamaza bila kuinuliwa kidole.

Desemba nami naja nyumbani. Mwenye kujua basi la Ifakara linalopita Mikumi mchana aniarifu, na kiti nataka cha dirishani. Nikisinzia, nipigeni kiwiko.