Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa Yetu

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: SHUKRANI KWA UKUMBI WA SANAA WA WATOTO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wazazi tumeukagua ukumbi kwa kuchungulia dirishani, maana mlango una kufuli, na tumeridhika. Marumaru ni nyeupe pe, na hazijaona hata tone la rangi. Aliyewaza kutandika marumaru nyeupe mahali pa kufinyangia udongo anastahili nishani. Ukutani kuna tangazo: USIGUSE UKUTA. Kwa kuwa watoto wa chekechea hawajajua kusoma, tunashauri mlinzi awe anawasomea.

Sinki ndilo lililotukosha zaidi. Limefungwa sentimita 90 kutoka sakafuni. Mtoto wa miaka mitano ana kama sentimita 110, kwa hiyo bomba ataliona; kulifikia nadhani ni kazi ya awamu ya pili. Swichi, rafu, ndoano za aproni, vyote vimepimwa kwa mtu mwenye suti. Tulipouliza tukajibiwa kuwa hivyo ni vipimo vya kawaida. Ni kweli, kwa mgeni rasmi ni vya kawaida kabisa, na ndiye pekee aliyewahi kuutumia ukumbi huu: aliingia, akakata utepe, akakaa kwenye kiti kilichovalishwa kitambaa, akaimbiwa na watoto waliopangwa juani, akaondoka.

Wapo wanaotusumbua kwa mifano ya nje. Eti manispaa ya Reggio Emilia, Italia, ilifungua chekechea yake ya kwanza mwaka 1963, na leo shule zake zina karakana ya sanaa yenye msanii wake, vioo usawa wa mtoto, na rafu wazi zenye waya, vifungo na kokoto ambavyo mtoto anajichukulia mwenyewe. Anajichukulia, bila hata kujaza fomu! Hapa kwetu kalamu za rangi zimo stoo, stoo ina ufunguo, ufunguo anao afisa, na afisa yuko kwenye semina ya ubunifu.

Wengine wanamtaja marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyechora kwa rangi za baiskeli juu ya silingi bodi pale Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Wanadai watoto wangetosheka na kibaraza chenye kivuli, sakafu ya saruji ya kuoshwa kwa ndoo, bomba fupi na mabaki ya seremala. Usiwasikilize. Kibaraza hakina mlango. Utepe utaufunga wapi?

Kuhusu ukuta wa nje: kuna waliochora kwa mkaa bwana mmoja mwenye kitambi, kashika mkasi mkubwa kuliko yeye. Mchoro wote uko chini ya mita moja. Tumesikia mlinzi ameagizwa awakamate wahusika. Akiwapata, tunaomba kabla ya adhabu wapimwe urefu, kwani inaelekea ofisi yako haina takwimu hizo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, mlipa ushuru