Filta ya Elfu Nane

Msyuuu! Kijana kashuka na Noah kutoka Mbaga, watu wamebanana ndani kama makande kwenye chungu, magunia ya tangawizi juu ya keria. Kapaki hapa kijiweni Same, chini ya mwarobaini, kamalizana na mpiga debe, kaagiza kahawa na kashata mbili. Halafu anamgeukia fundi, mdomo bado una kashata: "Fundi, nimwagie oili. Filta niwekee ile ya elfu nane. Ile ya thelathini baki nayo, mnatuibia."

Drafti ikasimama. Mwenye kete tatu za kula akasahau kula.

Wa kwanza kudakia alikuwa dereva wa Fuso, Mchaga, anayepitia hapa kila wiki akienda Dar na kila wiki lazima atuachie tusi la utani. "Mpare bwana! Atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, lakini injini inayomlisha anaivisha filta ya elfu nane." Tukacheka, tufanyeje, mtani ndiye huyo. Ila mimi nilicheka huku nikimhesabia. Yeye mwenyewe matairi ya nyuma amevaa vipara.

Kijana wa Noah hakuwa na aibu. Hesabu yake ameiweka kichwani: gari si lake, jioni bosi anataka hesabu kamili, mafuta yake, faini za barabarani zake, na oili nayo imegeuzwa kuwa yake. Tofauti ya 22,000 kwake ni unga wa nyumbani. Ukimwambia "nunua orijino" unamwambia maneno matamu yasiyo na mfuko. Msyuu. Watu wanaohubiri orijino mara nyingi gari lao linahudumiwa na ofisi.

Lakini hebu tuelewane kwanza hicho kidude kinafanya nini, maana hapa kijiweni wengi tunakijua kwa rangi ya kopo tu. Pampu inavuta oili kutoka kwenye sampo, inaisukuma kwenye filta. Oili inaingia kwa vile vitundu vya pembezoni, inapenya karatasi iliyokunjwa kama marinda ya sketi ya shule, inatokea tundu la katikati, ndipo iende kulainisha krenki na jamaa zake wote. Uchafu unabaki kwenye marinda. Marinda yakiwa machache, yanajaa mapema. Yakijaa, ipo vali yenye springi inayofunguka ili oili ipite bila kuchujwa, kwa sababu waliotengeneza waliona afadhali injini inywe uchafu kuliko ikae na kiu. Sasa springi ikiwa legelege, hiyo vali inafunguka hata siku isiyo yake. Utatembea miezi mitatu na kopo lisilochuja chochote, taa ya oili imezimika vizuri kwenye dashibodi, wewe unapiga mluzi.

Mwalimu mstaafu, ambaye hawezi kuona mazungumzo yakipita bila kuyatilia mwaka, akasema magari ya mwanzo hayakuwa na filta ya oili kabisa. Ni Mmarekani Ernest Sweetland aliyeleta ya kwake mwaka 1923, akaiita Purolator. "Kwa hiyo," akasema kijana wa Noah, "watu waliendesha bila." Mwalimu akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyejibu sawa kwa sababu mbaya. Waliendesha bila, ndiyo, na oili walikuwa wanaimwaga mara kwa mara.

Fundi hakusema neno. Aliingia nyuma ya banda, akachokoa kwenye pipa la vyuma chakavu, akarudi na filta mbili zilizotumika. Moja ya elfu nane, imeandikwa jina lake lenyewe, jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia redioni. Nyingine imevaa jina kubwa, la kuheshimika, iliyoletwa na mteja mwezi uliopita akiwa ameinunua kwa 30,000 na boksi lake linang'aa. Akazibana kwenye jiliwa, akashika msumeno wa chuma. Kwa dakika chache kijiwe kilisikia kelele ya msumeno tu, na upepo wa Same unaopiga bati kana kwamba unalidai kodi.

Ya elfu nane ikafunguka kwanza. Marinda yamekaa karibukaribu, yamenyooka, ncha zake zimeshikwa na kisahani cha chuma. Kile kimpira cha ndani kinachozuia oili isirudi chini ukizima gari bado laini, unakikunja kinarudi. Ndicho kinachokuepusha na ile kelele ya asubuhi, ukiwasha kule Mbaga na baridi lake injini inagonga ka-ka-ka sekunde mbili tatu kabla oili haijafika juu, nawe unasema "gari linaamka". Haliamki, baba, linajisaga.

Ikafuata ya jina kubwa. Tukainama wote, vichwa vikagongana. Marinda machache, yamelala upande kama mahindi yaliyopitiwa na ng'ombe. Gundi imemwagikia nje ya mshono. Kimpira kimekakamaa, ukikikunja kinatoa sauti kama kandambili ya mwaka juzi. Ile haikuwa imetoka kwa wenye jina. Ilikuwa feki, mtu kachapa boksi, kaazima heshima ya mwingine, na mteja wa watu kalipa thelathini kwa rangi.

Mchaga akasema "Kumbe," akarudi kwenye kahawa yake.

Hapo ndipo nilipo mimi, na kijiwe kinijie juu kama kinataka. Tunabishana bei wakati ugomvi uko kwingine. Umelipia kitu ambacho hujakiona, kimefungwa ndani ya kopo, na mwenye duka anakuambia kiasi cha kuamini. Wapare na kukadiriwa hatujawahi kuelewana. Mwaka 1945 watu walishuka milimani kwa maelfu wakaja kukaa hapahapa Same kwa sababu ya kodi ya mbiru. Mwanahistoria Profesa Isaria Kimambo aliandika kuhusu tukio hilo. Na si kwamba walikataa kulipa kodi, walikataa mtu kukaa barazani na kupiga ramli ya mali zao, huyu ana ng'ombe wangapi, huyu shamba lake likoje, alipe kiasi gani. Wajukuu wao leo tunakadiriwa dukani na tunasema asante, na risiti hatudai.

Sheria ipo. Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayofukuzana na bidhaa bandia kwa mujibu wake. Wanakamata, wanateketeza. Lakini kutoka bandarini Dar hadi rafu ya duka la spea Same ni zaidi ya kilomita 400, na kopo la filta linaingia hata kwenye mkoba wa mama.

Sasa msije mkasema nimewaambia mnunue ya elfu nane. Tumepasua moja. Ya pili kutoka boksi hilohilo sijui ina nini tumboni, na zipo za elfu tano ambazo hata msumeno hazistahili. Nilichosema ni kwamba rahisi yenye jina lake naipa heshima kuliko ghali iliyoiba jina. Ukipata duka ambalo mwenyewe yupo kila siku na unaweza kurudi kugombana naye, nunua hapo. Chungulia kwenye tundu, bonyeza kile kimpira kwa kidole, itikise usikie kama kuna kitu kinacheza. Na ukiitoa, usiitupe. Mpe fundi aipasue. Kazi ya dakika kumi, na unajua kitu ambacho boksi halitakuambia kamwe.

Halafu lipo la kilomita, na hili linaniudhi hasa. Kibandiko cha fundi kimeandikwa 5,000, kijana anazisubiri zitimie kama mshahara. Kilomita za wapi? Ukitoka hapa kwenda Moshi kwa lami, saa moja na nusu unakula kilomita mia na ushee. Muda huohuo ukipandia Mwembe kuelekea Mbaga, gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena, utakuwa umekula robo yake, na injini imechemka muda wote. Injini ya mlimani inazeeka kwa saa, mita ya kilomita haijui kitu. Kwa gari linalopanda kila siku ningemwaga kwenye 3,000, na kwa hesabu hiyo filta nafuu inayobadilishwa mapema inaishinda ile ya fahari inayozeeka juu ya injini. Unga wa nyumbani unabaki.

Fundi mdogo, mwanafunzi wake, akachomekea kwamba tatizo la Same ni vumbi, ndiyo maana filta ya oili inakufa haraka. Msyuuu ndefu. Vumbi linaingilia puani! Filta ya hewa ndiyo ya kulizuia, na hiyo ndiyo mnayoipuliza kwa kompresa mara kumi mpaka karatasi inatoboka na kupitisha mwanga, kisha mnairudisha. Vumbi likishapita hapo linasaga pistoni na kuta za silinda, linashuka kwenye oili, ndipo mnailaumu filta ya oili kama mlinzi wa geti la nyuma.

Basi kijana akakubali, 3,000, ya elfu nane, na ile ya zamani ipasuliwe mbele yake. Fundi akailegeza, akapitisha kidole kwenye kitako chake kuhakikisha raba ya zamani haikubaki juu ya injini, maana raba mbili zikipandana oili yote inaishia barabarani. Akapaka oili kidogo kwenye raba mpya, akafunga kwa mkono, bila spana.

Wakati huo wote mzee mmoja alikuwa amekaa pembeni na dumu la lita tano katikati ya miguu. Hakucheka Mchaga aliposema, hakuinama msumeno ulipomaliza. Oili chafu ilipokoma kutiririka kwenye beseni, akanyanyuka.

"Fundi, hiyo ina mwenyewe?"

"Chukua tu, mzee wangu. Unapeleka wapi?"

"Nguzo za uzio. Mchwa wananimaliza." Akainamisha beseni taratibu kwenye mdomo wa dumu, asidondoshe hata tone, kisha akamtazama kijana wa Noah. "Umesema utakuwa unamwaga kila baada ya siku ngapi?"