Chatu Kwenye Mkono wa Koti

Wewe uliyeoa utanielewa. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, nimeoa Mnyamwezi, na nipo kwao Lusu tangu enzi za mgodi wa Golden Pride. Zamani Wanyamwezi ndio walioshuka na pembe za ndovu mabegani mpaka Bagamoyo, na utani wetu ukazaliwa njiani huko. Mimi nimepanda kinyume, na watani wananilipizia kwa awamu.

Awamu hii ililetwa na shemeji yangu, tunayemwita Redio Mbao kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Anacheza ngoma na Bayeye, wale mafundi wa nyoka wa Usukuma na Unyamwezi, na alikuwa anajiandaa kwa Bulabo, sherehe ya Juni pale Bujora, Mwanza. Akaja na sanduku la mbao, ndani chatu mchanga wa kama mita moja. Kibali cha maliasili alikifunga kwenye mfuko wa nailoni, maana sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haijui utani.

"Nawaachia wiki tatu, azoee mikono ya watu."

Watu gani? Mke wangu akanitazama mimi.

Mapacha wetu Kulwa na Doto, ambao jedwali la saba limewashinda, walikariri masharti yote kwa jioni moja. Wiki ya kwanza haguswi, azoee nyumba. Usimshike kwa juu, anayekuja kwa juu ni mwewe. Mwendee ubavuni, mbebe kwa mikono miwili. Nawa kwanza, mkono ukinuka kuku ataudhania chakula. Macho yakiingia ukungu anajivua gamba, mwache. Akishakula, mwache siku mbili, la sivyo atatapika.

Mama Kulwa alimbeba siku ya nane kama anabeba fungu la mchicha. Mimi nilishikishwa siku ya kumi. Kumbe hatelezi! Ni mkavu, ubaridi kidogo, kama mkanda wa ngozi uliolala barazani. Akajizungusha kwenye kiganja, ulimi ukapapasa saa yangu. Nikaanza kujiona mwanamume. Doto akapiga chafya. Nikaruka mpaka mlangoni. Chatu hata hakushtuka.

Mama mkwe, ambaye kwa siri namwita Hakimu, akasema kutoka mkekani: "Huyo mdogo ameshazoea. Huyo mkubwa bado."

Ikafika Jumamosi ya harusi mjini Nzega. Sanduku wazi. Kulwa alijua Doto kafunga, Doto alijua Kulwa kafunga. Tukapindua magunia ya mpunga, tukachungulia chini ya vitanda. Jikoni, chini ya tenga, kifaranga mmoja hayupo. Basi, nikasema, nivae kwanza. Koti langu la sherehe ni moja tu, lile nililoolea, na lilikuwa kwenye kiti. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, umetuna katikati.

"Usimvute, baba!" mapacha wakapiga kelele. "Ameshakula! Siku mbili!"

Nikamgeukia mke wangu, alishavaa gauni na hereni.

"Kwani lile la mgodini limechanika?"

Kwa hiyo wewe uliyeniona ukumbini na koti la rangi ya chungwa lenye mistari ya kung'aa, ukanipa ufunguo wa gari lako: sikuwa mlinzi wa maegesho. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi.